Waliouawa New Orleans mwaka 1891 hawakuuawa na hasira

Kila unapofika mwezi wa Oktoba, ubishi kuhusu Siku ya Columbus huibuka upya Marekani, na mwaka 2025 ulipamba moto zaidi baada ya Rais Donald Trump kutoa tangazo lililomrudisha baharia huyo kwenye kiti cha ushujaa. Miongoni mwa hoja zinazotolewa kuitetea sikukuu hiyo, ipo moja inayostahili kusikilizwa kwa makini: kwamba chimbuko lake ni damu ya watu 11 wa asili ya Italia waliouawa na umati mjini New Orleans tarehe 14 Machi 1891, na kwamba kuifuta ni kuwaua mara ya pili. Wanaoipinga hujibu kwamba mauaji yale yalikuwa ajali ya historia, mlipuko wa hasira dhidi ya wahamiaji ambao baadaye walipokewa kama Wazungu wengine na mambo yakaisha. Naamini majibu yote mawili yanakiacha kando kiini cha jambo. Kilichotokea New Orleans, na baadaye Tallulah na Tampa, hakikuwa hasira iliyokosa breki. Kilikuwa chombo cha utawala, kilichopangwa na watu wenye mali na vyeo ili kuwakumbusha wahamiaji maskini, na hata wale waliokuwa wameanza kutajirika, mipaka waliyowekewa. Chombo hicho hakikubuniwa kwa ajili ya Waitaliano. Kilikuwa tayari kimenolewa kwenye miili ya watu weusi, na asiyeliona hilo hawezi kueleza kwa nini Waitaliano waliguswa nacho, wala kwa nini wao waliweza kutoka chini yake.

Tuanzie mashambani. Baada ya utumwa kufutwa mwaka 1865, wenye mashamba ya miwa ya kusini mwa Louisiana walikutana na tatizo wasilolizoea: watu waliokuwa mali yao sasa walidai ujira, waliweza kuhama, na wakati wa mavuno, ambapo siku chache za kuchelewa huharibu miwa yote, waliweza kugoma. Novemba 1887 wakata miwa wapatao 10,000, wengi wao weusi, waligoma chini ya chama cha Knights of Labor wakitaka dola 1.25 kwa siku, tena kwa fedha taslimu badala ya hati zilizokubaliwa katika duka la mwenye shamba peke yake. Mgomo huo ulizimwa kwa bunduki katika mji wa Thibodaux, ambako wanamgambo wa kizungu waliwaua watu weusi wasiopungua 30. Hapo ndipo mhamiaji kutoka Sicilia alipoonekana kuwa dawa. Meli zilizoleta malimau kutoka Palermo zilikuwa zikifika New Orleans moja kwa moja, na zilianza kuleta vibarua wa msimu. Wenye mashamba waliwasifu kwa bidii na kubana matumizi, lakini sifa hizo zilidumu kwa muda mfupi tu, kwa sababu Wasisilia wengi walikaa shambani misimu michache, wakaweka akiba, kisha wakaondoka na kufungua genge la matunda, duka dogo au bustani ya mboga karibu na mji. Walifanya kazi bega kwa bega na watu weusi kwa ujira uleule, waliwauzia bidhaa bila kuwalazimisha kusubiri hadi Mzungu wa mwisho ahudumiwe, na wengine waliishi nao mtaa mmoja. Katika jamii iliyokuwa ikijengwa upya juu ya mstari wa rangi, mtu aliyeuvuka mstari huo bila hata kujua kwamba upo alikuwa hatari kuliko mwizi.

Bandarini nako kulikuwa na mvutano wake. Upakuaji wa ndizi na malimau ulikuwa mikononi mwa vikundi viwili vya wakandarasi wa Kisisilia, wa ukoo wa Provenzano na wa ukoo wa Matranga, na ushindani wao ulifikia kupigana risasi mwaka 1890. Usiku wa tarehe 15 Oktoba mwaka huo mkuu wa polisi wa jiji, David Hennessy, alipigwa risasi akirudi nyumbani na kufa kesho yake. Rafiki yake mmoja alidai kwamba kabla ya kufa aliwataja wauaji kwa jina la dharau walilopewa Waitaliano, basi. Hakutaja mtu. Meya Joseph Shakspeare aliamuru mitaa isakwe na kila Mwitaliano atakayeonekana akamatwe, na mamia walikamatwa. Aliunda pia kamati ya raia 50 mashuhuri kuwachunguza wahamiaji hao, na kamati hiyo ilichapisha onyo kwa Waitaliano wote wa jiji kwamba wasipowafichua wahalifu walio kati yao, hatua nyingine zingefuata. Waliofunguliwa mashtaka walikuwa 19. Hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nani aliyemuua Hennessy.

Kesi ya washtakiwa 9 wa kwanza ilimalizika tarehe 13 Machi 1891. Jopo la wananchi walioisikiliza halikumtia hatiani hata mmoja: 6 waliachiwa, na kuhusu 3 halikuafikiana. Wote walirudishwa gerezani kwa sababu ya shtaka jingine lililokuwa bado halijafutwa. Asubuhi iliyofuata magazeti ya jiji yalibeba tangazo lililotiwa saini na watu 61, likiwaalika raia wema wote kwenye sanamu ya Henry Clay, barabara ya Canal, saa 4 asubuhi, ili kurekebisha kushindwa kwa haki katika kesi ya Hennessy, na likawataka waje wakiwa tayari kwa vitendo. Msomaji aangalie vizuri tangazo hilo. Lina saa, lina mahali, lina lengo, lina majina ya waliotia saini. Wakili William Parkerson alihutubia, maelfu wakaandamana hadi gerezani, na kikosi cha watu wenye bunduki kikaingia ndani baada ya mlango wa nyuma kuvunjwa kwa gogo. Msimamizi wa gereza alikuwa amewafungulia Waitaliano vyumba ili wajifiche popote watakapoweza, na baadhi walikimbilia upande wa wafungwa wanawake. Watu 9 walipigwa risasi ndani. Wawili, Emmanuele Polizzi na Antonio Bagnetto, walitolewa nje na kunyongwa mbele ya umati uliokuwa ukitaka kuona. Watano kati ya waliouawa hawakuwa wamefikishwa mbele ya jopo hata siku moja. Antonio Marchesi, aliyekuwa ameachiwa jana yake, aliuawa. Mwanawe Gaspare, mvulana wa miaka 14 aliyeshtakiwa pamoja naye, aliachwa hai. Gavana Francis Nicholls, aliyekuwa mjini humo, alisema hawezi kutuma askari bila ombi la meya, na meya alikuwa klabuni.

Maelezo yanayorudiwa zaidi ni ya woga: kwamba jiji lilitishwa na Mafia, kwamba jopo lilihongwa, na kwamba wananchi wenye hasira kali, kama magazeti yetu yanavyopenda kuandika, walifanya kazi ambayo mahakama ilishindwa kuifanya. Maelezo haya hayapaswi kupuuzwa. Hennessy aliuawa kweli, magenge ya bandarini yalipigana kweli, na wakazi wengi waliamini kwa dhati kwamba kuna njama. Kati ya maelfu waliojaa nje ya gereza, naamini wengi walisukumwa na hofu na chuki tupu. Lakini hofu ya umati haielezi mwenendo wa viongozi wake. Mtu aliyepandwa na hasira hapeleki tangazo gazetini usiku ili lichapishwe alfajiri, wala haendi gerezani na orodha ya wa kuuawa na wa kusamehewa. Charles Matranga, ambaye upande wa mashtaka ulidai kuwa ndiye aliyekuwa nyuma ya njama nzima, alibaki hai, huku watu ambao hawakuwahi kusimama kizimbani wakiuawa. Kama nia ilikuwa kulipiza kifo cha Hennessy, mizani hiyo haieleweki. Inaeleweka ikiwa nia ilikuwa kuutia hofu mtaa mzima, maana hofu haihitaji mwenye hatia. Inahitaji maiti zinazoonekana.

Hoja ya pili, ya ubaguzi wa asili na rangi, ina nguvu zaidi, na ushahidi wake umejaa tele. Gazeti la New York Times liliwaita Wasisilia kizazi cha majambazi na wauaji na kuwafananisha na nyoka. Theodore Roosevelt, ambaye miaka 10 baadaye alikuwa rais, alimwandikia dada yake kwamba binafsi aliyaona mauaji yale kuwa jambo jema, na kwamba alilisema hilo mezani mbele ya wanadiplomasia. Hata hivyo chuki peke yake haitoshi kueleza kilichofuata, kwa kuwa anayemchukia mgeni humfukuza, na Waitaliano hawakufukuzwa. Mashamba ya miwa yaliendelea kuwaita, na idadi yao Louisiana iliongezeka baada ya 1891. Walitakiwa, ila kwa masharti: wakate miwa, wasiwe na duka, wabebe ndizi, wasishike mikataba ya kuzipakua. Mwaka huohuo wa 1891 magati ya umma ya New Orleans yalikodishwa kwa kampuni moja binafsi kwa miaka 10. Sisemi kwamba watu 11 waliuawa kwa ajili ya mkataba huo, ila mpangilio wa nani amiliki bandari na nani abebe mizigo ulikuwa ukiamuliwa katika msimu uleule na tabaka lilelile la watu.

Kisa cha Joseph Macheca kinaonyesha jambo hili vizuri kuliko chochote ninachokijua, na pia kinawatatiza wale wanaotaka kuwachora waliouawa wote kama wanyonge wasio na doa. Macheca alizaliwa Louisiana, akatajirika kwa meli za matunda, na hakuwa mhamiaji maskini hata kidogo. Mwaka 1868 aliongoza kikundi cha Wasisilia kilichoitwa Innocents, ambacho kiliwashambulia watu weusi mitaani ili wasiwapigie kura wagombea wa chama cha Republican, ambacho wakati huo ndicho kilichotetea haki za weusi. Mwaka 1874 alikuwa upande wa White League, jeshi la kizungu lililopigana na polisi wa jimbo barabarani Canal na kuipindua kwa siku chache serikali iliyotetea haki za weusi. Alikuwa ametumikia ukuu wa Wazungu kwa mikono yake mwenyewe. Fadhila za punda ni mateke: tarehe 14 Machi 1891 jopo lilikuwa limeshamwachia huru, na akauawa palepale gerezani. Kinachouma zaidi ni kwamba katika mwaka huohuo jiji lilisimamisha mnara wa kuwatukuza wapiganaji wa 1874, mnara ambao ulibaki New Orleans hadi ulipoondolewa Aprili 2017. Umati wa 1874 ulipewa jiwe la kumbukumbu, na wa 1891 ukapewa sifa na jopo kuu la uchunguzi, lililoandika Mei mwaka huo kwamba mkusanyiko ule ulikuwa na maelfu ya raia bora kabisa, na halikumshtaki yeyote.

Kijijini mambo yalikuwa wazi zaidi. Tallulah, kaskazini mwa Louisiana, ndugu watatu wa ukoo wa Defatta na wenzao wawili walikuwa na maduka ya matunda na mboga, na wateja wao wengi walikuwa weusi. Julai 1899 daktari mmoja wa mji alimpiga risasi mbuzi wa mmoja wao aliyezoea kupanda barazani kwake. Ugomvi uliofuata ulimjeruhi daktari, ambaye alipona. Tarehe 20 Julai Wasisilia wote watano walinyongwa. Mbuzi hawezi kubeba uzito wa maiti tano. Kinachoweza kuubeba ni biashara iliyokuwa ikichukua wateja, na mwenye duka aliyemjibu Mzungu wa daraja la juu kana kwamba wako sawa.

Anayetaka kuona chombo hiki kikitumika bila kisingizio chochote na aende Tampa, Florida, mwaka 1910. Viwanda vya biri vya Ybor City na West Tampa vilikuwa na maelfu ya mafundi Wakuba, Wahispania na Waitaliano waliosokota tumbaku kwa mkono huku wakimsikiliza msomaji waliyemlipa wenyewe, aliyeketi juu ya jukwaa akiwasomea magazeti asubuhi na riwaya mchana. Wenye viwanda walimwogopa msomaji yule kwa haki, kwa sababu kiwanda kilichosomewa habari za dunia kila siku kilijua namna ya kugoma. Mgomo wa mwaka huo ulihusu kutambuliwa kwa chama cha wafanyakazi, na wafanyabiashara wa mji waliunda kamati ya raia iliyozunguka na silaha ili kuuvunja. Septemba, mtunza hesabu wa kiwanda kimoja alipigwa risasi. Waitaliano wawili, Angelo Albano na Castenge Ficarotta, walikamatwa, na jioni ya tarehe 20 Septemba, walipokuwa wakihamishwa kwenda gereza la wilaya, walichukuliwa njiani. Walikutwa wamening'inia kwenye mti mmoja wakiwa wamefungwa pingu pamoja. Mmoja alikuwa amechomekwa kiko mdomoni, na karatasi iliyobandikwa ilionya kwamba wengine saba wanajulikana na wanatazamwa, chini yake ikiwa imesainiwa kwa neno moja tu, Haki. Picha yao ilichapishwa kama kadi ya posta. Afisa wa ubalozi mdogo wa Italia aliyetumwa kuchunguza aliandika kwamba haukuwa mlipuko wa ghadhabu za watu, bali mpango wa baadhi ya raia, kwa kufumbiwa macho na maafisa wa polisi, wa kuwapa wagomaji somo la kutisha. Viongozi wa mgomo baadaye walifungwa, na Januari 1911 mafundi walirudi kazini bila walichokidai. Hapo hapakuwa na Mafia wa kusingiziwa. Palikuwa na kiwanda, mgomo na kamba.

Sasa niigeukie hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa zaidi mitandaoni: kwamba Waitaliano nao waliuawa na umati, hawakulalamika, wakafanya kazi wakafanikiwa, kwa hiyo watu weusi waache kuzungumzia historia. Hoja hii inaanguka mara mbili. Kwanza, walilalamika, na walikuwa na wa kulalamika kwa niaba yao. Tarehe 31 Machi 1891 Italia ilimwita nyumbani mwakilishi wake Washington, Baron Saverio Fava, magazeti yakaanza kuzungumzia vita, na mwaka uliofuata Marekani ililipa kiasi cha dola 25,000. Kwa Waitaliano 3 waliouawa na umati Hahnville, Louisiana, mwaka 1896 ililipa dola 6,000. Machi 1892, huko Memphis, Thomas Moss na wenzake wawili, watu weusi wenye duka la vyakula lililokuwa likishindana na la Mzungu, walitolewa gerezani na kuuawa. Hakuna balozi aliyeitwa nyumbani kwa ajili ya Moss. Aliyesimama alikuwa rafiki yake Ida B. Wells, aliyetumia gazeti lake kueleza kwamba mauaji haya yaliwalenga watu weusi walioanza kujipatia mali, na jibu alilopewa ni ofisi ya gazeti kuvunjwa. Waitaliano waliouawa kwa namna hii Marekani ni makumi machache. Watu weusi waliothibitishwa kuuawa hivyo kati ya 1877 na 1950 ni zaidi ya 4,400.

Pili, njia waliyotokea Waitaliano haikuwa ya bidii peke yake. Katiba ya Louisiana ya 1898 iliweka masharti ya elimu na mali ili kuwaondoa watu weusi katika daftari la wapigakura, lakini ikawaachia nafasi wahamiaji waliopata uraia kabla ya mwaka huo. Wapigakura weusi walioandikishwa jimboni walishuka kutoka 130,334 mwaka 1896 hadi 5,320 mwaka 1900. Msisilia asiyejua kusoma aliweza kubaki ndani ya daftari. Mwalimu mweusi alitakiwa kupita vizingiti ambavyo aliyevisimamia hakukusudia vipitike. Ni kweli kwamba Waitaliano waliendelea kudharauliwa kwa miongo kadhaa, lakini sheria ilikuwa imewafungulia mlango wa kuhesabiwa Wazungu, na nauli ya kuupita ilikuwa kujitenga na jirani mweusi waliyeuza na kukata naye miwa. Mauaji ya 1891 na ya Tallulah yalikuwa sehemu ya mafunzo hayo. Mwenye duka aliyeona jirani yake akining'inia alielewa haraka ni urafiki gani unaogharimu maisha.

Kwa sababu hiyo sioni kwamba Siku ya Columbus inawaenzi waliokufa. Tangazo la Rais Benjamin Harrison la 1892 lililoweka siku ya kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus halikuwataja, na kama lilikusudiwa pia kuwatuliza wapigakura wa Kiitaliano, liliwapa sanamu ya baharia badala ya sheria. Sheria ilihitajika, na Harrison mwenyewe alilijua hilo. Katika ujumbe wake kwa Bunge wa Desemba 1891 aliyaita mauaji yale ya kusikitisha na ya kufedhehesha, akapendekeza mahakama za shirikisho zipewe uwezo wa kushughulikia uhalifu dhidi ya raia wa kigeni wanaolindwa na mikataba. Bunge halikukubali. Wabunge wa kusini waliona mbali: mahakama ya shirikisho ikiruhusiwa kuwahukumu wauaji wa Mwitaliano, kesho itaulizwa kwa nini isiwahukumu wauaji wa Mmarekani mweusi. Ulinzi uliokataliwa kwa mmoja ulikataliwa ili asije akaupata mwingine, na muswada wa Dyer, wa kuyafanya mauaji ya umati kuwa kosa la shirikisho, uliopita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 1922 ulizimwa na Seneti kwa sababu zilezile. Ilipofika Machi 2022 ndipo Marekani ikapata sheria ya shirikisho inayoyatambua mauaji haya kuwa kosa la pekee.

Badala ya wauaji kubanwa, waliobanwa ni wahamiaji. Mei 1891, damu ikiwa haijakauka, mbunge Henry Cabot Lodge wa Massachusetts aliandika kwamba chanzo cha mauaji ya New Orleans ni uhamiaji usio na kizuizi, na fikra hiyo ilikua hadi sheria ya 1924 ikaipa Italia nzima nafasi 3,845 tu kwa mwaka. Yeyote anayefuatilia leo namna maneno kuhusu magenge ya wahamiaji yanavyotumiwa kuhalalisha misako ya jumla atautambua mwendo huo: mhalifu mmoja hutajwa, kabila lake lote huwajibishwa, kisha aliyedhurika hugeuzwa kuwa chanzo cha madhara. Meya LaToya Cantrell wa New Orleans aliomba radhi rasmi Aprili 2019, na alifanya vema. Lakini radhi ile ilitolewa kwa niaba ya jiji, na jiji halikutia saini tangazo la gazetini. Waliotia saini walikuwa mawakili, wafanyabiashara na wanasiasa wenye majina, na kushiriki kwao hakukuwazuia chochote maishani: John M. Parker, aliyekuwa kijana ndani ya kundi la siku ile, alichaguliwa gavana wa Louisiana mwaka 1920. Warithi wa Bagnetto walipolishtaki jiji kwa kushindwa kumlinda mfungwa aliyekuwa chini ya ulinzi wake, walishinda mwanzoni, kisha mwaka 1894 mahakama ya rufaa ikaamua kwamba jiji halina wajibu wa kuwalipa.